Ufanano Si Usahihi: Ukaguzi wa Programu za Upatanishaji wa Picha katika Tiba ya Mionzi, kwa Mtazamo wa Kionga, Kaskazini mwa Cabo Delgado

Ikisiri

Tiba ya mionzi ya leo hupangwa kwa kutumia picha zaidi ya moja za mwili wa mgonjwa. Programu ya kompyuta ndiyo inayoziweka picha hizo pamoja ili kila nukta ya picha moja ikutane na nukta yake katika picha ya pili. Makala haya yanaeleza namna usahihi wa programu hizo unavyokaguliwa na yanajenga hoja kwamba kufanana kwa picha zilizopatanishwa hakuthibitishi kuwa zimepatanishwa kwa usahihi. Usahihi huthibitishwa kwa alama huru ambazo programu haikuzitumia, tena zilizo karibu na eneo linalotibiwa. Hoja hiyo inaangaliwa kwa mazingira ya Kionga, mahali ambapo mgonjwa yuko mbali na kila kituo cha tiba ya mionzi na picha zake hazina budi kusafiri kama yeye mwenyewe. Makala yanahitimishwa kwa mapendekezo matano kwa watafiti na washauri wa sera.

1.0 Utangulizi

Kionga, ambayo katika maandishi ya Kireno huandikwa Quionga, ni mji mdogo wa pwani katika wilaya ya Palma, kaskazini kabisa mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, jirani na mdomo wa mto Ruvuma. Kimakwe, Kimwani na Kiswahili ni miongoni mwa lugha za mwambao huo, na watu wake wana uhusiano wa udugu na biashara na watu wa kusini mwa Tanzania tangu kale. Kwa mstari ulionyooka, Maputo iko umbali wa takriban kilomita 1,900 kutoka Kionga, ilhali Dar es Salaam iko takriban kilomita 440.

Umbali huo una uzito wa pekee katika matibabu ya saratani. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ni miongoni mwa saratani zinazowasumbua zaidi wanawake wa Msumbiji na wa Tanzania, hutegemea sana mionzi inapogunduliwa ikiwa imekwisha kuenea kwenye nyonga. Nchini Msumbiji, huduma ya tiba ya mionzi ilizinduliwa katika Hospitali Kuu ya Maputo mwaka 2019. Upande wa Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya Dar es Salaam, iliyopata hadhi ya taasisi inayojitegemea mwaka 1996, iliongeza mashine za LINAC mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya kutegemea mashine za kobalti. Mgonjwa wa Kionga akielekea kusini au kaskazini, safari yake ni ndefu, na picha zake zinaweza kupigwa katika hospitali zaidi ya moja njiani.

Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Picha mbili zilizopigwa mahali tofauti, kwa mashine tofauti na siku tofauti, zinapowekwa pamoja na programu ya kompyuta, ni kitu gani kinachothibitisha kwamba zimekaa mahali pake?

2.0 Dhana ya Upatanishaji wa Picha

Katika tiba ya mionzi, picha ya msingi ni ile ya CT inayopigwa mgonjwa akiwa amelala jinsi atakavyolala siku ya tiba. Picha hiyo huonyesha mifupa vizuri na huiwezesha kompyuta kukokotoa dozi. Hata hivyo, CT haitofautishi vyema nyama laini. Picha ya MRI huonyesha mipaka ya uvimbe ndani ya nyonga au ubongo kwa uwazi zaidi, na picha ya PET huonyesha sehemu ambazo seli zake zinatumia sukari kwa wingi. Daktari anayetaka kuchora mpaka wa uvimbe kwa kutumia MRI, kisha kuutumia mpaka huo juu ya CT, hulazimika kuzipatanisha picha hizo mbili kwanza.

Upatanishaji huo ni wa aina kuu mbili. Aina ya kwanza ni upatanishaji mkakamavu, ambao huisogeza na kuizungusha picha nzima bila kubadili umbo lake, kama mtu anayesogeza karatasi moja juu ya nyingine. Huo hufaa kwa fuvu la kichwa, kwa kuwa mfupa haupindi. Aina ya pili ni upatanishaji mnyumbufu, ambao huivuta na kuibana picha sehemu mbalimbali kwa viwango tofauti. Huo hutumika kwa viungo vinavyobadilika umbo: mapafu yanayopumua, kibofu kinachojaa na kupungua, puru inayosogea, uvimbe unaosinyaa wakati tiba ikiendelea.

Programu hufanya kazi hiyo kwa kutafuta mkao ambao picha mbili zinafanana zaidi. Kwa picha za aina moja, hulinganisha ung'avu wa nukta kwa nukta. Kwa picha za aina tofauti, kama CT na MRI, programu nyingi hutumia kipimo cha taarifa shirikishi kilichoenea katika miaka ya 1990. Kipimo hicho hupima kiasi ambacho kujua ung'avu wa nukta katika picha moja humsaidia mtu kukisia ung'avu wa nukta hiyo katika picha ya pili. Kwa vyovyote vile, kinachotafutwa na programu ni ufanano, ilhali anachokihitaji mgonjwa ni usahihi. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha ukaguzi.

3.0 Ufanano na Usahihi

3.1 Ushahidi wa kitafiti

Mwaka 2012 mtafiti Torsten Rohlfing alichapisha jaribio lililoiweka wazi tofauti hiyo. Alitengeneza kwa makusudi programu isiyofaa kwa lolote. Programu hiyo haikujali sehemu yoyote ya mwili ilipo; ilizipanga nukta za picha moja kwa kufuata ung'avu wake tu, hadi picha hiyo ikafanana na ya pili. Kwa maana ya kianatomia, matokeo yalikuwa upuuzi, kwa sababu nukta ya upande mmoja wa ubongo iliweza kupelekwa upande mwingine. Hata hivyo, ilipopimwa kwa vipimo vya ufanano wa picha na vya mwingiliano wa tishu, ilipata alama za juu kuliko programu zilizotengenezwa kwa nia njema. Kipimo kinachompa mshindi wa namna hiyo taji hakiwezi kuwa mwamuzi wa usahihi.

J. Michael Fitzpatrick naye alionyesha mwaka 2009 jambo linalokaribiana na hilo katika upatanishaji unaotegemea alama zilizowekwa mwilini. Kosa linalobaki kwenye alama zenyewe baada ya kupatanisha, ambalo programu nyingi huliandika kwenye skrini kama cheti cha ubora, halina uhusiano wa kitakwimu na kosa lililopo kwenye eneo lengwa la mgonjwa huyo. Alama zinaweza kukaa sawasawa ilhali uvimbe umekosewa. Vilevile, alama zinaweza kuonyesha mkengeuko ilhali uvimbe uko mahali pake.

3.2 Funzo la mpaka wa Kionga

Historia ya Kionga inasaidia kuelewa kwa nini wastani mzuri unaweza kuficha kosa baya. Katika makubaliano ya mwaka 1886, Ujerumani na Ureno ziliutaja mto Ruvuma kuwa mpaka kati ya makoloni yao. Mwaka 1894 Wajerumani waliikalia Kionga, iliyo kusini mwa mdomo wa mto huo, na mpaka wa upande wa pwani ukafuata mstari wa latitudo ya digrii 10 na dakika 40 kusini. Wareno waliichukua Aprili 1916 katika Vita Vikuu vya Kwanza, na Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaithibitisha kuwa yao.

Mgogoro huo ulikuwa wa kisiasa. Haukutokana na hesabu. Hata hivyo, umbo lake linafundisha. Mpaka uliofuata mto na mpaka uliofuata latitudo vilikubaliana kwa mamia ya kilomita kuelekea bara, na vilitofautiana mwishoni tu, karibu na bahari, kwa takriban kilomita 20. Mtu ambaye angepima wastani wa tofauti katika urefu wote wa mpaka angepata kiasi kidogo na kusema kwamba ramani mbili zinapatana. Kwa watu wa Kionga, lakini, tofauti yote ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Upatanishaji wa picha hukosea kwa namna hiyo hiyo. Picha mbili za nyonga zinaweza kukubaliana kikamilifu kwenye mifupa, ambayo ndiyo yenye ung'avu mkubwa, na wastani wa picha nzima ukapendeza, ilhali mlango wa kizazi umesogezwa milimita kadhaa na kibofu kilichojaa. Hivyo basi, swali la mkaguzi haliwi "Je, picha zimepatana?" bali "Je, zimepatana mahali tutakapopeleka mionzi?"

4.0 Thamani ya Milimita

Msomaji asiye wa fani anaweza kuuliza iwapo milimita mbili au tatu zina maana yoyote. Jibu limo katika aina ya kosa lenyewe. Kosa la mgonjwa kulala vibaya siku moja husawazishwa na siku nyingine ambapo amelala vizuri. Kosa la upatanishaji hutokea mara moja, wakati wa kupanga tiba, kisha hurudiwa katika kila kipindi. Mpango wa kawaida wa mionzi ya nje kwa saratani ya mlango wa kizazi ni gray 45 katika vipindi 25. Mpaka ukichorwa vibaya, utakuwa vibaya mara 25.

Ndiyo maana kanuni ya ukingo wa tahadhari iliyotolewa na Marcel van Herk na wenzake mwaka 2000 hulipa kosa la kudumu uzito wa mara 2.5, na kosa la kubahatisha uzito wa mara 0.7 tu. Chukua mfano wa hesabu. Kituo kina makosa mengine ya kudumu yenye mkengeuko wa milimita 3. Sehemu ya ukingo inayotokana nayo ni milimita 7.5. Kosa la upatanishaji lenye mkengeuko wa milimita 4 likiongezwa, makosa hayo mawili hujumlishwa kwa vipeo vyake na kufikia milimita 5, na ukingo unapanda hadi milimita 12.5. Kwa uvimbe wenye umbo la tufe la kipenyo cha milimita 40, ujazo wa nyama unaopigwa mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 65. Nyama hiyo ya ziada ni ya kibofu, puru na utumbo.

Kituo ambacho hakijapima kosa lake kina njia mbili tu, na zote ni za hasara. Kikiweka ukingo mpana, kitaunguza nyama nzima bila sababu. Kikiweka ukingo mwembamba kwa kuiamini skrini, kitaacha sehemu ya saratani nje ya mionzi. Katika njia zote mbili anayelipa ni mgonjwa.

5.0 Namna ya Kukagua

Mwongozo unaotumika zaidi katika suala hili ni ripoti ya Kikosi Kazi Namba 132 cha Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani, iliyochapishwa mwaka 2017. Maelezo yafuatayo yanaufuata mwongozo huo katika mambo makuu na kuyapanga katika ngazi nne.

5.1 Majaribio yenye jibu linalojulikana

Kabla programu haijagusa picha ya mgonjwa, hupewa tatizo ambalo mkaguzi analijua jibu lake. Picha ya fantomu, yaani mwili bandia wa majaribio, husogezwa kwa kompyuta milimita 10 kushoto na milimita 5 kuelekea kichwani, kisha huzungushwa digrii 2. Programu hutakiwa kuirudisha. Tofauti kati ya jibu lake na jibu la kweli ndiyo kosa lake. Jaribio hili rahisi hufichua mambo ambayo hakuna macho yanayoyaona kwa urahisi: kushoto kugeuzwa kulia, ukubwa wa vokseli kusomwa vibaya, au mzunguko kupuuzwa. Mzunguko wa digrii 2 uliopuuzwa huzaa kosa la takriban milimita 3.5 kwenye nukta iliyo umbali wa milimita 100 kutoka kitovu cha mzunguko.

5.2 Majaribio ya picha za wagonjwa zilizo wazi kwa wote

Fantomu haipumui wala haina kibofu. Ngazi ya pili hutumia picha halisi ambazo wataalamu wamekwisha kuzitia alama. Katika mradi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, uliochapishwa mwaka 1997, wagonjwa walikuwa wamewekewa alama ndani ya mfupa wa fuvu. Alama hizo zilifutwa kwenye picha kabla ya kupewa timu mbalimbali za watafiti, na jibu likahifadhiwa na waamuzi. Baadhi ya njia zilionyesha uwezo wa kufikia usahihi ulio chini ya ukubwa wa vokseli, lakini makosa makubwa ya hapa na pale hayakukosekana. Kwa mapafu, kuna mkusanyiko wa DIR-Lab wa wagonjwa 10, kila mmoja akiwa na jozi 300 za alama zilizochaguliwa kwenye njia panda za mishipa na mirija ya hewa. Kituo chochote chenye intaneti kinaweza kuutumia mkusanyiko huo na kupima programu yake.

5.3 Ukaguzi wa kila mgonjwa

Programu iliyofaulu mitihani hiyo bado inaweza kumkosea mgonjwa mmoja. Kwa hiyo kila upatanishaji hukaguliwa kabla ya kutumika. Hatua ya kwanza ni macho ya watu wawili, mmoja wa fizikia na mmoja wa tabibu, wakizitazama picha zikiwa zimepishanishwa kama ubao wa bao la sataranji. Mpaka wa kiungo ukikatika kutoka mraba mmoja hadi mwingine, kuna kosa.

Hatua ya pili ni alama za kianatomia zilizochaguliwa karibu na eneo lengwa, ambazo programu haikuongozwa kwazo. Umbali unaobaki kati ya alama na mwenzake baada ya kupatanisha ni kosa la eneo lengwa. Mwongozo uliotajwa unapendekeza kosa hilo lisizidi ukubwa wa vokseli, yaani takriban milimita 2 hadi 3. Sharti moja husahaulika: wataalamu wawili wakiombwa kuiweka alama moja, nao hutofautiana. Tofauti yao ipimwe kwanza, kwa kuwa hakuna awezaye kupima unene wa uzi kwa rula ya fundi seremala.

Hatua ya tatu ni mipaka ya viungo. Mpaka uliochorwa na daktari hulinganishwa na mpaka uliohamishwa na programu, na kiasi cha mwingiliano wake huandikwa kwa kipimo cha Dice, ambapo 1 ni kulingana kikamilifu na 0 ni kutokutana kabisa. Mwongozo unataja 0.8 hadi 0.9 kuwa kiwango cha kuridhisha, lakini pia unatahadharisha kwamba kipimo hicho hutegemea ukubwa wa kiungo. Hesabu ya matufe inaonyesha sababu. Kosa la milimita 5 kwenye tufe la kipenyo cha milimita 100 hutoa Dice ya takriban 0.93. Kosa lile lile la milimita 5 kwenye tufe la kipenyo cha milimita 20 hutoa takriban 0.63. Mtu anayeripoti 0.93 bila kutaja ukubwa wa kiungo hajasema lolote kuhusu milimita.

Hatua ya nne inahusu upatanishaji mnyumbufu peke yake. Kigezo cha Jakobi hupima namna kila kipande kidogo cha nyama kilivyovutwa au kubanwa: 1 ni kubaki kama kilivyokuwa, zaidi ya 1 ni kutanuka, pungufu ya 1 ni kusinyaa. Thamani ya sifuri au hasi ina maana kwamba programu imeikunja nyama juu yake yenyewe, jambo lisilowezekana katika mwili ulio hai. Kigezo hiki hukataa upatanishaji mbaya lakini hakithibitishi ulio mzuri. Ndivyo lilivyo pia jaribio la kwenda na kurudi, ambapo picha ya kwanza hupelekwa kwa ya pili kisha kurudishwa: aliyepotea njia akarudi kwa njia ile ile atafika nyumbani salama, na bado hakufika alikotumwa.

5.4 Ukaguzi baada ya mabadiliko

Toleo jipya la programu, mashine mpya ya picha, au hata mpangilio mpya wa unene wa vipande vya picha, vyote huifanya kazi ianze upya katika ngazi ya kwanza. Jaribio fupi la fantomu lihifadhiwe na lirudiwe kila mara ili matokeo ya leo yalinganishwe na ya mwaka jana.

6.0 Picha Zinazovuka Mpaka

Miongozo mingi iliandikwa kwa hospitali ambazo mgonjwa hupigwa picha zote ndani ya jengo moja. Hali ya Kionga ni tofauti, na tofauti hiyo inaongeza hatari kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mkao wa mgonjwa. Mashine za uchunguzi wa kawaida zina kitanda kilichopinda, ilhali kitanda cha tiba ya mionzi ni bapa. Mgongo na nyonga hubadilika mkao kutoka kimoja hadi kingine. Picha ya uchunguzi iliyopigwa kwenye hospitali ya kwanza, ikipatanishwa kwa njia ya mkakamavu na picha ya kupangia tiba, huweza kukubaliana kwenye uti wa mgongo wa juu na kuachana kwenye nyonga. Aidha, vipande vya picha vyenye unene wa milimita 5 haviwezi kutoa uhakika wa milimita 2 kuelekea kichwani au miguuni, hata programu iwe ya bei gani.

Njia ya pili ni muda. Mgonjwa anayesafiri kwa hatua, akisubiri nauli, nafasi na vibali, huweza kufika na picha ya miezi kadhaa iliyopita. Uvimbe si ule tena. Mkoa wa Cabo Delgado umepata pia msukosuko wa vita tangu mwaka 2017, na shambulio la mji wa Palma la Machi 2021 liliwakimbiza makumi ya maelfu ya watu. Katika mazingira hayo hakuna anayeweza kudhani kwamba mgonjwa atafuata ratiba ya kitabu. Programu haijui tarehe. Itaipatanisha picha kuukuu na mpya bila kulalamika, na itatoa matokeo yenye sura nzuri.

Njia ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni ukimya wa matokeo. Mahali ambapo mgonjwa huishi karibu na kituo, kosa huweza kujitokeza katika ufuatiliaji: saratani ikirudi pembeni mwa eneo lililotibiwa, daktari huifungua tena mipango na kuuliza kulikoni. Mgonjwa aliyerudi Kionga hafuatiliwi kwa urahisi. Kosa lake hubaki naye, na kituo huendelea kuamini kwamba programu yake ni nzuri. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, ukaguzi wa kabla ya tiba ndio ukaguzi pekee atakaoupata.

Hali ya wagonjwa kuvuka mipaka si ya nadharia tu katika ukanda huu. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa Mulago jijini Kampala, iliharibika. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 wa Uganda bila malipo, na mashine mpya ya Mulago ilizinduliwa Januari 2018. Tukio hilo lilionyesha kwamba mgonjwa, jalada lake na picha zake huweza kuhitajika katika nchi nyingine kwa taarifa fupi, na kwamba mifumo ya nchi moja moja haitoshi.

7.0 Mapendekezo ya Kisera

Kwanza, mikataba ya ununuzi wa mifumo ya kupangia tiba iweke sharti la majaribio ya ngazi ya kwanza na ya pili, yafanywe na wanafizikia wa hospitali inayonunua, kwa picha zisizotoka kwa muuzaji. Alama ya ufanano inayoonyeshwa na programu yenyewe isikubaliwe kama ushahidi.

Pili, kila picha inayovuka kutoka hospitali moja hadi nyingine iambatane na ukurasa mmoja wa maelezo: tarehe, mkao wa mgonjwa, aina ya kitanda, unene wa vipande, hali ya kibofu, na iwapo imewahi kupatanishwa, kosa lililopimwa na mahali lilipopimwa. Ukurasa huo uandikwe kwa Kireno, Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu mwaka 2019, na katika mwambao wa Ruvuma ndicho mgonjwa na muuguzi wa ng'ambo ya pili wanachokielewa wote wawili.

Tatu, uanzishwe ukaguzi wa pamoja wa ukanda. Mfano wake upo: tangu mwaka 1969 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki na Shirika la Afya Duniani yamekuwa yakituma kwa posta vipimo vidogo vya mionzi kwa hospitali duniani, hospitali huvipiga mionzi na kuvirudisha, na tofauti inayozidi asilimia 5 hufuatiliwa. Picha za majaribio ni rahisi zaidi kutuma kuliko vipimo hivyo. Kituo kimoja kinaweza kuzituma kwa vituo vya Maputo, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala, kikalihifadhi jibu, na kuwarudishia washiriki matokeo bila kuwafedhehesha hadharani.

Nne, muda wa wanafizikia wa tiba uhesabiwe katika bajeti. Programu huria za kupatanisha na kukagua zipo, na mikusanyiko ya picha ni ya bure. Kilicho adimu ni saa za mtu. Kwa sababu hiyo ukaguzi uendane na hatari. Upatanishaji mkakamavu wa kichwa unahitaji ukaguzi mfupi. Upatanishaji mnyumbufu unaotumika kujumlisha dozi ya nyonga unahitaji ukaguzi kamili. Kituo kisicho na saa hizo kina haki, na wajibu, wa kutotumia upatanishaji mnyumbufu na kupanga tiba kwa CT moja yenye ukingo mpana unaojulikana. Huo nao ni uamuzi wa kitaalamu.

Tano, vyombo vya istilahi, vikiwemo BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vitenganishe rasmi maneno ufanano, ulinganifu, upatanishaji na usahihi katika istilahi za tiba. Pale ambapo neno moja linabeba maana zote nne, ripoti inayosema "picha zimelingana" haimwambii msomaji kama kuna mtu aliyepima.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba programu ya kupatanisha picha hutafuta ufanano, na kwamba ufanano huweza kupatikana bila usahihi. Usahihi hupimwa kwa jibu linalojulikana, kwa alama zisizotumiwa na programu, na mahali hasa panapotibiwa. Vipimo vya wastani, vya mwingiliano na vya umbo husaidia kukataa kazi mbovu, lakini havitoshi kupitisha iliyo njema. Vifaa vinavyohitajika kwa ukaguzi huo vinapatikana kwa gharama ndogo; kinachosubiriwa ni sharti la kuvitumia na muda wa wataalamu wa kuvitumia. Kadiri mgonjwa anavyotoka mbali, na kadiri anavyokuwa na uwezekano mdogo wa kurudi, ndivyo ukaguzi wa kabla ya kipindi cha kwanza unavyozidi kuwa wa lazima. Kiwango cha ukanda mzima kipangwe kwa kumfikiria mgonjwa wa Kionga, kwa kuwa kinachomlinda yeye kitawalinda na wanaoishi jirani na hospitali.